Majani Yaliyovuka Mpaka

Kipimaanga kilielea juu ya migomba ya Bukoba bila hata mvumo, kikakipima kibanja cha Ma Kokugonza kwa sekunde nne. Zamani kazi hiyo ilikula siku nzima, kamba na ugomvi juu. Kilisoma umbo la majani kutoka angani, kikachukua uzito wa mavuno kwenye mzani wa kijiji, kikagawanya, kikatoa tija: kilo kwa kila mita ya mraba.

"Moja nukta saba nane," kilitangaza. "Chini ya kiwango."

Kiwango kilikuwa kilo mbili. Kibanja kilichoshindwa kilimezwa na Shamba Kuu, lililolimwa na roboti, na mwenyewe alipewa chumba ghorofani mjini. Ndivyo Baraza la Chakula lilivyoamua, kwa kuwa takwimu zote zilionyesha kwamba vishamba vidogo vinapoteza ardhi. Mhandisi Alinda Rwezaura, aliyekibuni chombo hicho, alizijua takwimu zile kwa moyo na alizionea fahari.

"Kimepima mita ngapi, waitu, mwanangu?" Ma Kokugonza aliuliza.

"Elfu moja mia moja ishirini na tano, Ma," Alinda alijibu.

Bibi akacheka hadi akashika mbavu. "Mume wangu aliacha mia nane! Hizo nyingine nimezizaa lini?"

Alinda alikasirika kidogo. Hakuna mhandisi anayependa kuchekewa chombo chake. Akatoa utepe, akaanza kupima toka mlamula hadi mlamula, ile mimea ya mpakani ambayo Mhaya hathubutu kuing'oa. Mita ishirini kwa arobaini. Mia nane kamili.

"Basi kimetazama nini?"

"Kimetazama majani," alisema Ma Kokugonza. "Sisi tunapanda migomba mpaka ukingoni, majani yananing'inia barabarani. Hayo ni ya mpita njia, anakata akinyeshewa. Wewe umenipimia na njia ya watu!"

Alinda akapima majani yaliyoning'inia nje ya mlamula. Mita mbili na nusu za majani kila upande. Kwenye Shamba Kuu, lenye maelfu ya ekari, ukingo huo haukuwa kitu. Kwenye kibanja, ulikuwa karibu nusu ya shamba zima. Chombo kilikuwa kimewaonea wadogo tu, tena kwa usahihi mkubwa.

Akagawanya upya. Kilo elfu mbili za ndizi, kahawa, maharage na magimbi, kwa mita mia nane.

"Mbili na nusu," alisema kwa furaha. "Ma, Shamba Kuu linatoa mbili nukta mbili. Umewashinda roboti wote!"

Majirani walipiga vigelegele. Kabla ya saa sita Baraza lilikuwa limepokea hesabu zake na kusimamisha uunganishaji wa vibanja mkoa mzima, na Ma Kokugonza alikuwa akigawa ndizi mbivu kama mwenye harusi.

"Na mzee wetu Ta Rwechungura wa ng'ambo ya njia?" aliuliza ghafla. "Yule mliyemhamishia ghorofani. Naye mlimpima majani?"

Alinda alifungua orodha. Vibanja mia mbili na kumi na vinne, vyote vimeng'olewa migomba, vyote vina sahihi yake.

"Wote, Ma."

Bibi akamsogezea sahani. "Kula kwanza ushibe, mwanangu. Habari hii utawapelekea wewe mwenyewe, mlango kwa mlango."