Mgongo Kwenye Skrini

Jumanne saa nne asubuhi, skrini ya fundi ilibonyezwa na kidole kisicho na mwenyewe.

Ilikuwa skrini ya kubebeka, nyembamba, ya kugusa, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Kila alipoletewa simu yenye kioo kilichokufa, aliichomeka hapo kwa waya, akaokoa picha za mteja. Asubuhi hiyo alikuwa amechomeka laptopu. Alama ya kidole ikatokea upande wa ndani wa kioo, pakanuka dawa ya kuchua, na picha ikafunguka: mgongo wa mwanamke, umevimba, una mistari ya mkanda.

Fundi aliijua. Mwezi uliopita mdogo wake wa kike alikuwa ameleta simu iliyopondeka.

"Imenianguka, kaka."

Aliichomeka, akaona picha hiyo ya mgongo wa dada yake, akairudisha simu bila neno. Mume wa dada huyo alikuwa rafiki yake tangu utotoni, na fundi mwenyewe ndiye aliyewakutanisha. Mambo ya ndoa ni ya ndani, alijiambia. Picha hakuinakili popote.

Akachomoa laptopu, akaweka simu ya mteja. Mgongo. Akaweka kifaa cha gemu. Mchezaji wa mpira akasimama katikati ya uwanja, akageuka, na jezi yake ikaanza kupanda polepole, bila mkono wa kuipandisha.

"Hicho kitu kina mwenyewe," mkewe alinong'ona mlangoni. "Na huyo ni nani?"

"Sijui. Virusi."

"Virusi vinanuka dawa ya kuchua?"

Mke ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mwenye miwani. Alifukiza, akasikiliza, akafunga mkoba wake.

"Jini hili halina ugomvi na mtu, baba. Linaonyesha tu. Sema wewe linachokionyesha, litakuachia. Ukikana mbele ya mhusika, litaondoka pia, ila halitakusaidia tena."

"Nimwambie nani?"

"Usinichekeshe."

Fundi aliazimia kwenda kwa dada yake jioni, amtoe kwenye ile nyumba. Mchana huohuo shemeji yake akaingia akicheka.

"Vipi fundi, mbona umenywea kama kuku aliyenyeshewa?"

Kabla fundi hajajibu, skrini ikawaka bila kuchomekwa popote, na vidole vikajitokeza ndani ya kioo, kimoja baada ya kingine, vikauvuta ule mgongo ukakua mpaka ukajaza skrini nzima, mpaka alama ya kishikizo cha mkanda ikasomeka, nyota yenye ncha moja iliyovunjika, na fundi akateremsha macho akaiona nyota hiyohiyo kiunoni mwa mtu aliyesimama mbele yake.

"Huyo nani?" shemeji aliuliza taratibu.

Fundi aliondoa macho kwenye mkanda. Akashika bisibisi, akaanza kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Sijui. Mteja tu."

"Mteja." Shemeji akamgusa begani. "Basi nimeelewa. Msalimie mkeo, wifi ya huyo mteja wako."

Alipovuka kizingiti skrini ikazimika na harufu ikakatika. Fundi alijaribu laptopu, simu, gemu. Vyote vilifanya kazi vizuri. Akaketi akivitazama, hakumwita mkewe.

Jioni alimpigia dada yake. Simu iliita, ikakatwa. Alipofika nyumbani kwa dada yake alikuta kufuli mlangoni. Majirani walisema mume na mke waliondoka na gari la mizigo kabla jua halijazama. Mume alikaa mbele, mke hakugeuka kuaga.

Dada yake hajaonekana tena.