Neno Nililomsomea Nzau

Hii ilimfanyikia dada yangu Syokau, 2006. Mimi ndio nilisoma lile neno.

Asubuhi tulitoka Kabiria na chai kwa thermos, tukaenda hospitali tao kuona bwana yake, Nzau. Jua lilikuwa tamu. Moyo wa Nzau ulikuwa umechoka, wakamfunga waya za mashine ya kukadiria damu ambayo moyo unasukuma kila dakika. Sista Naliaka akatuambia, "Ikishika lita nne, anaingia theatre kupasuliwa leo. Lakini namba inarukaruka, siwezi iamini." Akaenda kuita daktari.

Nzau akaonja chai, akamgeukia Syokau. "Mama Ndunge, hii umeweka majani ama umeionyesha tu?"

"Kunywa, mgonjwa hachagui!"

Wakacheka. Mashine ikalia, neno likatokea. Mimi na miaka yangu arobaini na tatu, miezi nane tu ya gumbaru, shule ya watu wazima, nikalisoma herufi kwa herufi. NOISE.

"Inasema kelele," nikatangaza. "Mnaongea sana. Nyamazeni itulie."

Syokau hakubisha. Mimi ndio nilikuwa msomi wa familia.

Nzau akamshika mkono. "Niongeleshe," akanong'ona. "Nikikusikia, nakaa."

Syokau akaweka kidole kwa mdomo.

"Mama Ndunge. Kidogo tu."

Kimya.

Namba ikaacha kuruka. Tatu. Mbili. Nikafurahi vile imetulia.

Sista akarudi mbio, akamkuta Syokau bado na kidole kwa mdomo. "Noise ni waya imelegea! Nani amewanyamazisha?"

Nzau alikuwa ameenda.

Wakamtoa waya, wakamsukuma mochari. Waya zikabaki kwa shuka, hazijashika mtu. Hapo ndio Syokau alipata sauti.

"Baba Ndunge!"

Namba ikaruka.

Akanyamaza. Ikalala. Akaita. Ikaruka. Moja.

Sista akang'oa plagi. Skrini haikuzima.

Syokau akaongea. Akamwambia kwamba mtoto wao Ndunge ameng'oa jino. Akamwambia sukuma wiki zimemea shambani. Akamwomba msamaha. Mbili. Tatu. Aliongea mpaka koo likakauka, sauti ikakatika. Skrini ikazima.

Karatasi ya mashine niko nayo. Daktari aliandika Nzau amekufa saa sita na nusu. Mashine imeandika saa saba na robo, lita nne.

Huwa naisoma pole pole, nisikosee tena.