Aliye Mbele Haombi Kupokewa

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima Odina alipoaga nyumbani kwa nesi Mehrangez. Vichupa vya dawa amevifunga kwenye kitambaa na kuvibana kwapani, juu ya ngozi kabisa, visije vikaganda njiani. Nesi alimsihi alale. Mkate upo, chai ya maziwa ya chumvi iko jikoni, na mpito wa Kalot, ule upenyo wa juu kati ya milima, si mahali pa kupita mtu peke yake jioni. Odina akamjibu kuwa binti wa Savsan anapumua mpaka mbavu zinaingia ndani, na midomo imeanza kugeuka rangi.  Hapo nesi akamkazia skafu shingoni kama mtoto, akamfungulia mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Panda mpito, shuka upande wa pili, mfikishie dawa mke wa mwalimu, ndiye anayejua kuchoma sindano. Asubuhi Odina alikuwa amepasua njia kwa miguu yake mwenyewe, akatarajia kurudi juu ya nyayo zake. Wapi! Upepo wa mchana ulikuwa umezifuta zote. Mbele yake theluji ilikuwa imelala nzima, haijaguswa hata na mbweha.

Sasa, kupasua theluji ni kazi ya kuua ng'ombe. Anayetangulia anazama mpaka mapajani, anajitoa, anazama tena. Anayefuata anakanyaga palepale, na kwake ni kama kupanda ngazi. Ndiyo maana watu wetu hupokezana. Lakini ipo adabu yake. Aliye mbele haombi kupokewa, hata roho ikimtoka. Ni aibu, na mtoto wa miaka saba anaijua aibu hiyo. Aliye nyuma ndiye husikiliza pumzi ya mwenzake, na akiona imebadilika husema, "Pisha, nikupokee." Yule wa mbele hutoka pembeni, huinamisha kichwa, husubiri mstari wote umpite, ndipo huingia mkiani.

Msimu wa baridi uliopita, Odina hakusema.

Walikuwa wanarudi kutoka harusini kwa mpito huuhuu, yeye na rafiki yake Nazarsho, mume wa Savsan. Kutwa nzima Nazarsho alikuwa amemchezea shere mbele za watu. "Huyu? Huyu mwacheni atembee nyuma yangu, mwanambuzi huyu, atazama tumtafute kwa koleo!" Watu wakacheka mpaka machozi. Odina naye alicheka, lakini lilimkaa moyoni. Walipofika penye theluji nzito na Nazarsho akatangulia, Odina akajiambia, haya, dume la mbegu, tuone. Alikuwa na nguvu. Alikuwa ameshiba. Akasikia pumzi ya mwenzake ikianza kupiga mluzi mwembamba mwishoni, kila inapotoka. Akaisikia vizuri sana. Akanyamaza.

Karibu na jabali jeusi Nazarsho alikaa chini kama mtu anayetaka kufunga kamba ya buti. Hakuinuka.

Odina alimbeba mgongoni mpaka kijijini, na kijiji kikamheshimu kwa hilo. Alipoulizwa, alisema walipokezana njia nzima. Ni moyo tu, wakasema wazee, siku ikifika imefika. Uongo ule ulipokelewa kwa heshima, akapewa na nyama ya matanga.

Haya, turudi mlimani. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, ule wa buluu. Odina alipanda, akazama, akajitoa. Mikono ilikufa ganzi, mapaja yakawaka. Akaanza kuogopa, si kwa ajili yake. Alijua akichelewa, yule mtoto atamfuata baba yake.

Hapo ndipo alipoziona nyayo.

Zilianzia katikati ya theluji. Hazikutoka kokote. Zilikuwa mbichi, kingo zake bado zinabomoka, zinapanda moja kwa moja kuelekea mpitoni. Akili yake ilimwambia simama. Miguu ikazikanyaga yenyewe, na jamani, ilikuwa raha! Akapanda upesi kama anapanda ngazi ya kwao. Asante, akasema moyoni, yeyote uliye.

Kisha ikaja harufu.

Theluji haina harufu, na kule juu hakuna moshi. Lakini pua yake ilinusa ispandi, yale majani yanayofukizwa kwenye nyumba yenye maiti. Akaminya vichupa kwapani. Akaendelea.

Fiii...

Nyembamba. Mbele yake kidogo.

Fiii...

Akainua macho. Mgongo. Mtu alikuwa anapasua theluji mbele yake, taratibu, anazama na kujitoa, kofia imeshuka masikioni. Hakugeuka. Aliye mbele huwa hageuki.

Odina alifuata. Nitakwambia kweli, kwa muda alifuata tu na kunyamaza, maana njia ilikuwa nyepesi na mtoto alikuwa anangoja. Kosa lilelile, palepale. Mpaka alipoona nyayo zinaanza kupinda kushoto, kuelekea jabali jeusi. Njia ya kijijini iko kulia. Mluzi ukazidi, ukawa unakatikakatika, na Odina akatambua kuwa yule atakwenda kukaa palepale, na yeye atakaa naye, na dawa zitaganda.

Midomo ilikuwa mizito.

"Pisha," akanong'ona. "Nikupokee."

Mgongo ukasimama.

Yule mtu akatoka pembeni, akazama kwenye theluji mpaka mapajani, akainamisha kichwa. Odina akapita karibu kabisa. Uso hakuutazama. Aliona mkono tu, hauna glavu, na barafu imeota juu ya kucha.

Akashika kulia. Akapasua njia mwenyewe. Na nyuma yake theluji ikaanza kulia, krap... krap... mtu anakanyaga penye nyayo zake. Odina alizama, akajitoa, moyo ukawa unapiga mpaka masikioni. Pumzi yake mwenyewe ikaanza mluzi. Alingoja asikie lile neno. Mtu yeyote aliye nyuma angelisema.

Aliye nyuma alisikiliza tu.

Alifika akitambaa. Savsan alimfungulia, mke wa mwalimu alikuwa tayari, sindano ikachomwa. Kulipokucha mtoto aliomba uji wa maziwa, na mama yake akalia kwa sauti mbele za watu bila haya.

Siku ya pili Savsan alikwenda kwa Odina na mkate wa moto kwenye kitambaa. Alisema hana cha kumlipa. Kisha akamuuliza ule usiku alikuja na nani, maana alipofungua mlango alisikia watu wawili wanakung'uta buti kizingitini.

"Ni upepo, shemeji," Odina akasema.

"Labda." Savsan akamtazama. "Wewe ulimbeba baba wa mtoto, sasa umembebea mtoto dawa. Mungu akuweke."

Odina akafungua kinywa. Neno lilikuwepo, limeshaiva, lilikuwa limefika kwenye meno. Mwanamke alikuwa mbele yake, wako peke yao. Akamwambia anywe chai kabla haijapoa. Naomba usimcheke. Wengi wetu tuna neno kama hilo, na tunalimeza kila siku na mkate.

Nesi Mehrangez, Odina alipomsimulia zile nyayo na mluzi, alisema mtu aliyechoka kule juu husikia mengi, damu hupungua kichwani. Huenda. Yeye ndiye aliyesoma.

Zilipobaki siku chache kufika Navruz, sikukuu ya mwaka mpya baridi inapokwisha, wanaume watano walipanda kufungua njia ya mpito, Odina mmojawao. Ilikuwa mchana mweupe, jua linachoma macho, Shodmon anatania mstari mzima kuhusu mkewe. Odina akatangulia. Alitaka kutangulia, alikuwa na deni la kutangulia. Akapasua theluji mpaka jasho likamwingia machoni. Vicheko vya nyuma vikafifia. Akapasua. Mluzi ukaanza kifuani. Hakuna aliyesema kitu. Akapasua, akaona weusi, akasikia krap... krap... karibu kabisa na visigino vyake, na hakuna aliyesema kitu. Akaanguka kifudifudi.

Wakaja mbio. Mkubwa wao, mzee Chorshanbe, akamgeuza na kumsugua mashavu.

"Mnataka kuniua?" Odina akasema alipoweza. "Mbona hakuna aliyenipokea?"

Wakatazamana.

"Zamu haikuwa yetu, mwanangu," Chorshanbe akasema polepole. "Ilikuwa ya huyo aliyekuwa nyuma yako. Tulishangaa hata sisi, mbona hasemi."

"Nani?"

Shodmon, yule mwenye utani, alikuwa wa pili mstarini. Aligeuka nyuma, akawahesabu wenzake mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa umekwisha damu.

 Chorshanbe akaamua warudi, njia itafunguliwa siku nyingine. Wakageuka. Odina, kwa kuwa ndiye aliyechoka, akatoka pembeni kama adabu inavyotaka, akazama mpaka mapajani, akainamisha kichwa asubiri mstari umpite.

Akapita Shodmon. Akapita mwingine, na mwingine. Akapita Chorshanbe, akamgusa bega. Odina akainua mguu aingie mkiani.

Krap...

Akaurudisha.

Krap... krap...

Harufu ya ispandi ikamjaa puani. Hakuinua kichwa. Aliona buti zinakuja kwenye njia iliyopasuliwa, zinafika mbele yake. Zikasimama hapo. Hazikupita.

Chini kule Chorshanbe akaita, "Odina, twende, jua linakwisha!"

"Nitamwambia," Odina akanong'ona. "Leo hii nikishuka, Nazarsho. Nitamwambia Savsan yote."

Buti zilibaki palepale, na theluji juu yake haikuwa inayeyuka. Pumzi ilikuwa inatoka polepole juu ya kichwa chake. Mwenye buti alikuwa anasikiliza.