Mikwaruzo Mitatu Kwenye Chuma cha Mbele

Jua lilipoanza kuzama nilitoka uani kuingiza vyungu vyangu kabla umande haujashuka. Chungu kibichi kikinywa umande hupasuka motoni, na mimi sikuwa na chungu cha kupoteza. Ilikuwa kazi ya kila siku. Ningejua kinachokuja ningekaa ndani na kuviacha vipasuke vyote.

Mdogo wangu Pazi akaingia kwa mlango wa uani bila kubisha hodi. Begani alibeba kitu kirefu, kizito, amekizungushia kaniki.

"Dada, funga mlango."

"Na shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo. Funga mlango, Mwaisha, nakuomba."

Nilifunga. Pazi hakuwa mtu wa kuniita kwa jina.

Akalaza mzigo wake mkekani na kuufunua. Kilikuwa chuma cheusi, kirefu kuliko mtu. Nilikijua. Kilikuwa chuma cha mbele cha motokaa ya Bwana Miwani, kile kinachotangulia motokaa na kupokea vishindo. Bwana Miwani alikuwa Mjerumani wa mashamba ya mpira, na motokaa ile ilikuwa ya pekee Morogoro nzima wakati huo. Kazi ya Pazi ilikuwa kuiosha na kuiwasha. Kuiendesha hakuruhusiwa.

"Umeiendesha," nikasema.

"Mara moja tu. Leo mchana, barabara ya Kigurunyembe. Bwana yuko Dar es Salaam, atarudi kesho asubuhi." Alikuwa anahema kwa shida, kifua kinampiga mluzi. "Nimegonga mbuzi."

Nikasogeza kibatari. Katikati ya chuma palikuwa na kibonyeo kidogo, na karibu yake mikwaruzo mitatu iliyokata rangi hadi chini.

"Bwana hukipapasa kila akirudi," Pazi akasema. "Hukipapasa kabla hajavua kofia. Wewe unaziba nyufa za mitungi hata mwenye mtungi asijue ulipasukia wapi. Niokoe, dada."

Hapa niseme jambo moja, ili mtu asinihukumu haraka. Mwaka mmoja nyuma Salum, mpishi wa Bwana Miwani, aliivunja taa ya motokaa ile. Alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, hadharani, na siku ya tatu tukamzika. Salum alikuwa na kifua kipana na mgongo wa kubeba magunia. Pazi alikuwa na pumu tangu utotoni. Mama alipokuwa akikata roho aliuweka mkono wa Pazi mkononi mwangu.

Nikakoka moto.

Nikayeyusha sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, na nta ya nyuki kwenye kigae, nikatia masizi ya chungu mpaka weusi ukalingana na weusi wa chuma. Kibonyeo nilikijaza, kikakubali upesi. Kisha nikageukia mikwaruzo. Niliijaza mmoja mmoja, nikaipitishia kokoto langu la mtoni, lile la kulainishia vyungu, nikilichovya majini kila mara. Ikafunga. Nikainua kibatari kutazama.

Mikwaruzo ilikuwa palepale.

Nta ilikuwa imekaa chini, pembeni, vipande vitatu vyembamba. Nikasema moyoni, moto haukutosha. Nikarudia. Nikageuka kuchukua kitambaa, niliporudi nta ipo chini tena.

Mara ya tatu nikanusa.

Si harufu ya sandarusi. Ilikuwa harufu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa... na chini yake, harufu ya damu mbichi.

Nikachokonoa mkwaruzo kwa ukucha. Ukatoka unga mwekundu. Niliutambua kabla sijautia kwenye mwanga. Ilikuwa ngeu, ile ninayoichimba mwenyewe na kupaka shingoni mwa mitungi yangu. Asubuhi ile nilikuwa nimeuza mtungi mmoja tu, kwa Paskalia, mwanamke wa Matombo, mcheshi, aliyetaka kumpelekea mama yake. Nilimtania kwamba mtungi unamshinda kwa umbo, akacheka, akauweka kichwani, akaondoka kwa njia ya Kigurunyembe.

"Pazi. Mbuzi wako alibeba mtungi?"

Akaivuta kaniki, akaanza kuikunja.

"Pazi!"

"Alitokea ghafla, dada. Haki ya Mungu, ghafla."

"Yuko wapi?"

"Migombani, kando ya kijito. Nimemfunika majani."

"Alikuwa amekufa ulipomfunika?"

Kifua chake kikapiga mluzi.

"Alikuwa ameshika chuma," akasema. "Hakutaka kukiachia. Nilimfungua kidole kimoja kimoja."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia pia, maana alikuwa analia vile alivyolia akiwa mdogo, mdomo wazi, bila sauti. Nikafikiria mgongo wa Salum. Nikafikiria mkono wa mama. Nikajiambia maiti hafufuki kwa Pazi kuchapwa. Lisilobudi hutendwa.

Nikashika chuma tena. Nikajaza, nikalainisha. Nta ikadondoka. Nikajaza tena. Adhana ya isha ilikuwa bado, lakini mimi niliona alfajiri imeshanisimamia mlangoni. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu asiye mfinyanzi hata asingelijua kuwa ni kosa.

Nililamba kidole gumba, nikalainisha kwa mate.

Bibi yangu alinifundisha ufinyanzi, na sharti lake la kwanza lilikuwa hilo. Chungu cha kuuza lainisha kwa maji. Mate ni ya chungu cha nyumbani kwako tu. "Ukikitia mate umekiita wako," alikuwa akisema, "na kilichomo humo nacho umekiita wako." Nililijua sharti lile vizuri kuliko jina langu, na bado nililamba.

Mkwaruzo wa kwanza ukafunga. Wa pili. Wa tatu. Nikapitisha kiganja, chuma kilikuwa laini toka mwanzo hadi mwisho, na nta haikudondoka.

Kuku wakanyamaza bandani, wote kwa pamoja.

"Hodi."

Sauti ya chini, nyuma ya mlango wa uani. Pazi akajibanza ukutani. Mimi, kwa mazoea ya ulimi, nikajibu kabla sijafikiri.

"Karibu."

Kumbe komeo lilikuwa limefunguka. Alisimama pale mwanga wa kibatari unapoishia. Niliona kanga iliyolowa, na miguu iliyokanyaga tope. Mkononi, juu ya kifundo, alivaa shingo ya mtungi uliovunjika, kama bangili. Maji yalikuwa yanadondoka...

Tap.

Tap.

"Mtungi wangu umevunjika," akanong'ona.

"Nitakupa mwingine, mwenzangu. Nitakupa miwili."

"Sitaki mtungi. Fungua ulichoziba."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mama yangu ananitafuta," akasema. "Hajui nilipo. Sina mahali palipoandikwa nilivyokufa, ila hapo. Fungua, waone, waulize."

Nikatazama chuma. Pembeni palikuwa na kisu changu cha kukatia udongo. Ningekwangua mara tatu tu. Nikamtazama Pazi, amejikunja, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, ananitikisia kichwa, hapana, dada, hapana...

"Sina cha kufungua," nikasema.

Yule mwanamke hakukasirika. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeambiwa hana tena pa kurudi.

"Haya. Umenitia mate, umeniita wenu. Nitakaa na wenu."

Kuku wakaanza kulia tena. Mlangoni palibaki tope.

Pazi alirudisha chuma mahali pake kabla hakujapambazuka. Nami nilimfuata, kwa sababu moyo ulikataa kukaa nyumbani. Bwana Miwani alifika jua linachomoza. Motokaa ilikuwa bandani, imeelekea ukuta wa mawe. Hakuvua kofia. Aliinama, akapapasa chuma cha mbele polepole, toka upande huu hadi ule. Vidole vyake vilipita pale. Vikarudi, vikapita tena.

"Safi," akasema.

Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, siwezi kudanganya. Mdogo wangu alikuwa hai na mgongo wake mzima.

Bwana akapanda, akataka kusikia mashine. Motokaa za siku zile ziliwashwa kwa mbele, kwa kuzungusha mkono wa chuma. Pazi akaenda mbele, akasimama kati ya motokaa na ukuta. Akanitazama, akatabasamu. Akazungusha mara moja. Akazungusha mara ya pili.

Nikanusa udongo uliolowa.

"Pazi, toka hapo!"

Motokaa ikaruka.

Baadaye walisema gia ilikuwa imeachwa mahali pabaya. Walisema Pazi hakulala usiku ule, akasahau. Huenda. Mimi nasema nilichokiona: mkono wa mwanamke, umevaa shingo ya mtungi, umelala juu ya mkono wa Bwana ulioshika gia kule ndani, na yeye hakuuona.

Pazi hakufa papo hapo. Alikishika chuma kwa mikono miwili, akanitazama, midomo inasema dada, dada. Alipotulia, askari wanne walioitwa walishindwa kumtoa. Walimfungua kidole kimoja kimoja.

Bwana Miwani alishuka, akafuta miwani yake, akainama kutazama chuma kwanza. Palikuwa na mikwaruzo mitatu, imekata rangi hadi chini. Akauliza ni nani hapa anayejua kuziba. Jirani mmoja, bila nia mbaya, akaninyooshea kidole.

Mchana huo niliwapeleka watu wa Matombo, waliokuja kumtafuta Paskalia, migombani, nikawaambia yote, na mama yake Paskalia akanitemea mate usoni mbele za watu. Sikuyafuta. Chuma kililetwa kwangu jioni. Nilikilaza mkekani, nikakaa nacho mpaka asubuhi, nikakirudisha kama kilivyokuja. Nilimwambia askari ile kazi imenishinda. Waniue wakitaka. Hawakuniua. Mwezi uleule motokaa iliuzwa pwani, sikusikia habari zake tena.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nalia gaeni kwa sababu vyungu vya nyumbani kwangu havitumiki. Vya kuuza vinatoka motoni safi, watu wanavisifu. Lakini kila ninachokitia mate, cha kwangu mwenyewe, kinatoka na mistari mitatu kwa ndani, pale mkono wangu usipofika.

Na jioni zile ninazoingiza vyungu, mtu hubisha hodi mlango wa uani. Namjibu karibu. Namtilia maji, anakunywa. Nifanyeje? Ni wa ukoo sasa.

Pazi hajaja hata mara moja. Juzi nikapata ujasiri wa kumuuliza mgeni wangu, kwa nini ndugu yangu haji naye, kwa nini haji kunisalimu hata mara moja.

Paskalia akaweka kata chini.

"Hawezi kuja," akasema. "Bado ameshika."