Nilitafuna Kahawa ya Mwalimu Mkuu, Mwanangu Hasikii

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mjane, nalima migomba na kahawa huku Karagwe, upande wa kuelekea Kyerwa. Shule niliishia darasa la nne. Mkiona nimeandika ovyo mnisamehe, ni uchungu.

Binti yangu Jovina alikuwa darasa la tano. Siku hiyo alirudi ameshika sikio, linatoka damu... Mwalimu Deusi alimzaba kofi kwa kuchelewa namba ya asubuhi! Hospitali wakasema ngoma ya sikio imepasuka, hilo halitasikia tena.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, Rwegoshora, nikalia mbele yake. Akasema Deusi ni kijana, ana hasira za karibu. Kumbe alishaletewa malalamiko kama yangu na wazazi wengine, akayazima!

Jumapili baada ya ibada mkuu huyo kaja kwangu na shemeji yangu Fulgensi, kabeba kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kwetu mkishatafuna kahawa pamoja, ugomvi umekufa. Ukiufufua, wewe ndiye mbaya.

"Mama Jovina, tuyamalize kinyumbani," akaniambia. "Deusi hatashika fimbo tena, mimi ndiye nasema."

Shemeji akanikodolea macho. Ningekataaje, mjane mimi? Nikatafuna...

Jumatatu Jovina akanieleza Deusi yuko mstarini na fimbo yake, kama kawaida! Nikarudi kwa mkuu. Akaniuliza kama kwetu hatujui maana ya kahawa.

Haukupita muda, Deusi akamvunja kidole mtoto wa jirani yangu Adelina. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Nikasimama, nikasema yote, na kwamba mkuu alijua!

Rwegoshora hata hakutikisika. "Mimi sikumpiga mtoto wa mtu. Halafu wewe mama, si ulitafuna kahawa yangu?"

"Kaa chini mama, kahawa imeshafika tumboni!" mmoja akapiga kelele. Watu wakacheka. Wakacheka jamani!

Adelina hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Kwa hiyo ulijua, mama Jovina. Ukanyamaza."

Deusi alihamishiwa shule nyingine. Huko nako si kuna watoto? Rwegoshora yupo ofisini mpaka leo, anaamkiwa shikamoo njia nzima. Eti hakupiga! Fimbo ilikuwa kwenye shule ya nani? Angemzuia mara ya kwanza, Jovina angekuwa mzima!

Mkuu alimpelekea na Adelina kikapu kilekile. Adelina akakimwaga uani mbele ya wakwe zake wote, akaenda polisi. Nasikia kesi inasogea. Mimi hanisalimii, na simlaumu.

Wazazi wenzangu, kiongozi akikuletea kahawa kabla hajamwondoa mkosaji, usifungue kinywa kutafuna. Kifungue useme! Mimi nikimwita Jovina kutoka shambani haitiki... mpaka nimzunguke, nisimame upande wa sikio zima.