Aliyeingia Bila Salamu

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kununua makaa ya chetezo. Muuza duka akaniuliza kama nina wageni. Wageni gani! Nilikuwa namfukizia udi mume wangu, aliyeko Uturuki.

Khattab alipostaafu serikalini alisema atamfuata yule msafiri mashuhuri wa Tanja, aliyeizunguka dunia karne zile. Nchi kwa nchi, pwani ya Bahari ya Kati, polepole, kwa basi na meli. Tunisi, Iskandaria, sasa Antalya. Mji wetu mzima wa Ibra, huku Uarabuni, ukamsifu. Hakuna aliyenambia kuwa yule msafiri alikuwa akioa kila anapotua. Hilo nilikuja kulisoma mwenyewe, na tangu siku hiyo wivu unanila maini.

Juzi Khattab akanitumia sauti yake kwenye simu. Nyuma yake, mwanamke anacheka.

Nikaenda kwa shangazi yangu, Bi Kaltham, aliyezaliwa Pemba na kuolewa Bahla. Mambo ya uchawi anayajua ya kotekote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza. Akaninong'oneza.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ifukize kanzu yake yenye jasho, kisha mwite kwa jina lake na la mamake. Atakuja. Lakini msikilize, Wadha... Khattab mwenyewe ataingia na salamu. Asiyetoa salamu, mwambie arudi alikotoka, kabla hajaivaa kanzu. Akishaivaa, khalas. Na yule wa safarini umemmaliza."

Basi nikarudi na makaa yangu. Nikaitandaza kanzu juu ya tenga, chetezo chini. Moshi ukapanda. Nikaita.

Nikayapepea makaa.

Nikaita tena.

Mlango wa uani... kwiiii.

Makubadhi yakaburutwa sakafuni. Ndivyo Khattab anavyotembea.

Akaingia. Uso wake, mvi zake, alama yake ya sijida. Kiunoni shuka tu, kifua wazi. Nikangoja salamu. Nikangoja... Udi wote ule ulififia, nikasikia harufu ya udongo mbichi.

Hakusema kitu.

Nikafungua kinywa nimfukuze. Arudi alikotoka... Wapi? Kwa yule anayecheka? Nimpeleke mimi, kwa ulimi wangu?

Simu ikalia. Jina la Khattab kwenye kioo.

"Wadha..." Alikuwa anahema. "Nimeanguka njiani. Nguvu zimeniisha ghafla, sijui nina nini. Nisomee dua, mke wangu... nisomee."

Yule aliyesimama mbele yangu akaiondoa kanzu kwenye tenga. Akaipitisha kichwani, taratibu. Akatia mkono mmoja.

Bado nilikuwa na nafasi. Nilimpenda Khattab, wallahi nilimpenda.

Ndipo nikasikia, ndani ya simu, sauti ya mwanamke. Laini. Kwa Kiarabu.

"Tulia, habibi. Niko hapa."

Huenda ni muuguzi. Huenda ni mpita njia tu mwenye huruma.

Nikakata simu.

Mkono wa pili ulikuwa umekwama ndani ya kanzu, unaitafuta njia. Nikaushika. Baridi... Nikauingiza mwenyewe.

Siku hizi jirani yangu Hiba ananionea gere, eti mume wangu katulia, hatoki hata barazani. Simu ya Antalya haijalia tena. Huyu wangu hali, hasemi, na halali. Usiku hukaa kitako kitandani, ananitazama.

Ananitazama mimi tu.