Mboga Bila Chumvi

Akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba mnaosoma, nawaletea habari ya nyumba moja ya Mafiga, Morogoro mjini. Nyumba hiyo haina mwizi wala mlevi. Ni nyumba ya watu wanaoswali. Ndiyo maana naona inafaa kusimuliwa, kwa sababu balaa lililoingia mle halikuvunja mlango. Lilipiga hodi, likakaribishwa, tena limejitanda khanga vizuri kama jirani mwema.

Mwenye nyumba ni Mwaisha, mjane. Mumewe alifariki binti yao Nasra akiwa bado shule ya msingi, naye akamlea kwa kuuza vitumbua. Nasra akasoma, akapata shahada ya kwanza, na sasa alikuwa chuoni akisomea shahada ya uzamili katika mambo ya chakula. Kazi yake ilikuwa kukausha mboga ili mkulima wa mlimani asizitupe zinapojaa sokoni. Uani alijenga kichanja cha mbao na nailoni angavu, na humo mchicha na nyanya chungu vilikauka bila kupoteza rangi.

Jioni ninayoisema mvua ilikuwa imepita. Milima ilikuwa imevua mawingu, unaona mpaka mashamba ya watu huko juu. Mwaisha alikaa kwenye mkeka akichambua majani ya maboga, Nasra anapiga pasi gauni la bluu. Ng'ambo ya ua wa michongoma jirani yao Mwajuma, ambaye wote wanamwita mama Said, alikuwa anafagia. Ungesema dunia nzima imetulia.

Simu ya Nasra ikalia. Mikono yake ilikuwa kwenye pasi, basi akaufungua ule ujumbe wa sauti kwa kidole kimoja, ukasikika uani kote. Alikuwa Janeth, mwanafunzi mwenzake.

"Nasra shosti, Jumamosi usithubutu kukosa. Kuna koneksheni za maana. Wakubwa wanatoka mpaka Dodoma, na wewe ndiyo wanakutaka. Vaa lile la bluu, upendeze."

Nasra akacheka peke yake, akaendelea kupiga pasi. Ng'ambo ya michongoma ufagio ulinyamaza.

Niwaeleze Jumamosi hiyo ilikuwa nini, maana Mwaisha mwenyewe hakujua. Idara ya akina Nasra ilikuwa na mikusanyiko kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili. Ijumaa nyingine wanakunywa chai na kufahamiana tu, maana kusoma peke yako maabara kunachosha roho. Siku nyingine wanakaribishwa waajiri, na kila mwanafunzi anaeleza kazi yake mbele yao. Jumamosi hiyo lilikuwa linakuja shirika linalonunua mboga za wakulima wa Uluguru. Lilimtaka mtu wa kusimamia ukaushaji hukohuko milimani, na lilikwisha kusikia habari za kichanja cha Nasra. Akiwapendeza, angepata kazi karibu na mama yake na karibu na ndugu zake. Kwa mabinti wa siku hizi waliosoma, bahati hiyo si ya kila mtu.

Kesho yake mama Said akapiga hodi.

"Karibu, mama Said. Pita ukae."

"Sikai, mama Nasra. Nimekuja kwa nia njema tu, shoga yangu. Hivi unajua koneksheni ni kitu gani?"

"Si mambo ya umeme? Ya kuvuta waya kwenye nguzo?"

"Ingekuwa umeme ningelala usingizi. Nimemuuliza Said wangu, si unajua vijana wa bodaboda ndio wenye lugha za siku hizi. Kacheka weee, halafu akaona haya. Anasema koneksheni ni zile video za aibu. Mtu anarekodiwa faragha yake, kisha anazungushwa kwenye simu za watu."

Mwaisha aliweka chini kisu. "Nasra wangu?"

"Mimi sijasema Nasra. Nimesema neno. Lakini wakubwa wa Dodoma, gauni la bluu, wewe ndiyo wanakutaka. Haya, unganisha mwenyewe."

Ndugu zangu, Said hakusema uongo. Mtaani neno hilo limechafuka hivyo. Lakini chuoni neno lilelile ni kujuana na watu wanaoweza kukushika mkono ukapata kazi. Mwaisha angeliuliza tu angelijua hayo kabla maji ya chai hayajachemka. Binti alikuwa chumba cha pili, anasoma.

Hakuuliza. Msimlaumu upesi. Kwa Waluguru wa umri wake mama hazungumzi na binti yake mambo ya mwili. Nasra alipovunja ungo aliyemkalisha ndani na kumfunda ni bibi yake, Mwaisha alibaki uani anapika. Sasa bibi hayupo tena duniani, na Mwaisha hakuwa na mdomo wa kulitamka neno lile mbele ya mwanawe. Akampigia simu mdogo wake, Stambuli, mkulima wa ndizi huko Kinole. Kwetu mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake.

"Dada, mzuie," Stambuli alisema. "Lakini usimtajie sababu. Utajivunjia heshima wewe na yeye."

"Nitamzuiaje mtu mzima, Stambuli?"

"Wewe ni mama. Hukosi njia."

Njia aliipata, na Mungu amsamehe. Jumamosi alfajiri aliswali, akarudi kitandani, akajifunika mpaka kidevuni. Nasra alipoingia kuaga amevaa lile la bluu, viatu mkononi, alimkuta mama yake anahema.

"Presha, mwanangu. Kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Usiniache leo."

Ya moyo kwenda mbio yalikuwa kweli.

"Twende hospitali, mama."

"Hapana. Nikipumzika itashuka. Ila usiniache."

Nasra alisimama mlangoni. Kisha akaviweka viatu chini polepole, akampigia Janeth. Mwaisha akiwa chini ya shuka alisikia kila neno.

"Mama kaugua, siji... Hapana, huwezi kunielezea wewe, wamesema mwenye kazi aje mwenyewe... Janeth, wewe nenda. Kazi zitatokea nyingine. Mama sina mwingine."

Akalivua gauni, akavaa kitenge, akaingia jikoni.

Tangu siku hiyo chumvi ikapigwa marufuku nyumbani mle. Nasra alikuwa amesomea chakula, alijua chumvi inavyopandisha presha, na hakumwonea mama yake huruma katika hilo. Ugali na mchicha bila chumvi. Maharage bila chumvi. Anakaa pembeni ya kitanda, anamlisha, anamsubiri ameze. Mwaisha alitafuna majani yale yasiyo na ladha kama mbuzi aliyefungwa, na kila tonge lilimkumbusha alichofanya.

Kumbe mama Said naye alikuwa ameshindwa kulala na neno lake. Alilifikisha kwenye darasa la dini la akina mama, tena kwa masikitiko, akiomba wamwombee dua mtoto wa watu. Wakaja wawili kumjulia hali mgonjwa. Hawakumtazama sana mgonjwa. Walimtazama Nasra kuanzia utosini mpaka kwenye kucha za miguu, na wakati wa kuaga mmoja akamshika mkono.

"Pole mwanangu. Mungu atakusitiri."

"Amina," akajibu Nasra, akidhani anapewa pole ya mama kuugua. Mwaisha aligeukia ukutani.

Siku ya pili yake akaja Janeth na papai kubwa kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ulitutisha, mama. Lakini naona unaendelea vizuri, hata sura yako haina ugonjwa." Akakaa kitandani bila kuambiwa, ndivyo alivyozoea. "Ila Nasra kakosa koneksheni hivihivi anaona. Walimuulizia mpaka wanapanda gari."

Mwaisha akainuka akakaa. "Janeth, hilo neno huko kwenu maana yake nini?"

Mabinti wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Mama, usije ukaliuliza mtaani, utapigwa na butwaa," alisema Janeth. "Kwetu ni kujuana tu na watu wa kazi. Jumamosi tulikaa ukumbini na walimu wetu, tukaeleza kazi zetu, tukanywa chai na sambusa. Zilikuwa ngumu hizo sambusa, Nasra, hukukosa kitu. Kazi kapewa Leonard, yule mwenzetu anayesomea ndizi. Ni kijana mzuri, lakini kukausha mboga kwenyewe atakuja kujifunza kwako."

Nasra alicheka. Mwaisha hakucheka.

Jioni, Janeth amekwisha kuondoka, Nasra alileta sahani kama kawaida. Mwaisha hakunyoosha mkono.

"Niletee chumvi."

"Mama, presha."

"Sina presha, Nasra. Sikuwa nayo."

Akasema yote. Mama Said, Said, simu ya Kinole. Lile neno alilitamka akiangalia mkeka. Nasra alisikiliza amesimama, sahani ingali mkononi, na sura yake haikubadilika mpaka mwisho.

"Ungeniuliza tu, mama."

"Nilikosa mdomo."

"Yaani mdomo wa kudanganya ulikuwepo. Wa kuniuliza ndio ukakosekana."

Hakupandisha sauti. Akaweka sahani, akaenda jikoni, akarudi na kopo la chumvi, akaliweka karibu na mama yake, akatoka nje kugeuza mboga zake kichanjani ingawa jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Nyumba haikuwa na ugomvi. Nasra aliamkia asubuhi, alipika, alifua. Ila hakupiga pasi uani tena. Na ujumbe ukiingia, aliiweka simu sikioni na kusikiliza peke yake. Hicho ndicho kilichomuuma Mwaisha kuliko yote, ile simu kubanwa sikioni. Chakula sasa kilikuwa na chumvi, lakini alikila peke yake.

Alhamisi akajitanda, akaenda kwenye lile darasa la dini. Somo lilipokwisha alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama.

"Mlikuja kunitazama nikiwa kitandani, Mungu awalipe. Lakini mimi sikuwa mgonjwa. Nililala ili binti yangu asiende kutafuta kazi, kwa sababu nililetewa neno nikaliamini bila kumuuliza. Alikokuwa anakwenda ni kwa walimu wake. Kazi imekwenda kwa mwingine. Kama mlilisikia neno lile humu, basi na hili mlisikie humuhumu."

Mama Said alikuwa anachuna nyuzi za mkeka. "Mimi nilisema neno tu, mama Nasra. Nilisema mbele yako, sikusema Nasra."

"Kweli, uliniletea neno. Aliyemvika mwanangu ni mimi."

Waliondoka siku hiyo bila zile hadithi za mlangoni, na mama Said alitembea nyuma ya wote mpaka kwake.

Wiki kadhaa zikapita. Ijumaa moja Nasra alitoka chumbani na lile gauni la bluu, lina mikunjo kidogo kwa kupigwa pasi kitandani.

"Mama, natoka."

Zamani Mwaisha angesema haya, nenda. Sasa akaacha mboga zake.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

Nasra akasimama. "Chuoni."

"Kuna nini?"

"Jioni ya wanafunzi wa uzamili. Wamealikwa watu wa viwanda vya chakula."

"Na wewe unakwenda kutafuta nini kwao?"

Nasra alimtazama mama yake, kisha akautazama ua wa michongoma. Ng'ambo ya pili ufagio ulikuwa umenyamaza.

"Koneksheni, mama."

"Sijasikia vizuri. Masikio ya kizee."

Nasra akaanza kucheka, kicheko chake kile cha zamani. "Koneksheni, mama," akasema kwa sauti ya kufika kwa jirani.

"Haya, Mungu akutangulie. Lakini vua hilo gauni kwanza, pasi ipo hapa, njoo ulinyooshe. Nikuwekee chakula?"

"Niwekee. Na usisahau chumvi."

Ng'ambo ya michongoma mtu akakohoa, na ufagio ukaendelea.

FUNZO

Wazazi wenzangu, dini imetukataza kudhaniana vibaya na kusengenyana, nasi tunalijua hilo kwa moyo. Lakini tunadhani kusengenya ni kwa yule anayesema, tunamsahau anayesikiliza na kukaa kimya. Mama Said alikosa. Mwaisha alikosa zaidi, kwa sababu aliyekuwa na jibu alikuwa chumba cha pili.

Watoto wetu waliosoma wana maneno yao na mikusanyiko yao tusiyoijua. Kutojua si aibu. Kama neno la mwanao limekutia hofu, mwite, mkalishe, umuulize, hata kama ulimi mzito, hata kama mila zetu ziliwaachia bibi na shangazi kazi hiyo. Bibi na shangazi wakiwa hawapo, uliyebaki ni wewe.

Na wewe jirani uliyelisikia neno juu ya ua, kabla hujalibeba kulipeleka kwa mwingine, kwanza maliza kufagia.